Injini Ingurumapo Mno Asubuhi ya Baridi

Shauri kwa wenye pikapu za zamani

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi huwa kali katika nchi za juu za Kenya. Huko Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu ukungu hulala juu ya mashamba, na mtu atokaye nje kabla ya mapambazuko huiona pumzi yake kama moshi. Saa hizo ndipo pikapu nyingi huwashwa ili kupeleka maziwa, kabichi na viazi. Na saa hizo ndipo wenye magari ya zamani husikia jambo liwatialo wasiwasi: injini ikishika tu, hupiga kelele kana kwamba mtu amekanyaga mafuta kwa nguvu, ijapokuwa mguu wa dereva haukugusa kitu.

Wako wanaoogopa na kuizima mara moja. Wako wanaochukua bisibisi na kukaza au kulegeza kila parafujo waionayo juu ya kabureta. Wako pia wasiojali kabisa, wakaiacha injini ingurume robo saa nzima huku wao wanakunywa chai. Wote hao wamekosea. Makala haya yataeleza kwa nini injini baridi hunguruma kwa kasi, lini jambo hilo ni la kawaida, lini ni ugonjwa, na mwenye gari afanye nini kabla ya kutoa fedha zake kwa fundi.

KWA NINI INJINI BARIDI HUTAKA KASI

Kila mama wa nyumbani ajua kwamba samli huganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka ikikaribia moto. Oili ya injini haigandi hivyo, lakini huwa nzito, na vyuma vyote vinavyozunguka ndani yake huzunguka kwa shida. Injini ikienda polepole mno katika hali hiyo, itashindwa na uzito huo na kuzimika.

Sababu ya pili ni petroli yenyewe. Kinachowaka ndani ya injini si petroli ya majimaji, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa na moto wake wa kawaida, kilo 1 ya petroli huungua vizuri pamoja na hewa ya uzito wa karibu kilo 15. Lakini vyuma vikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli haigeuki mvuke. Hushikamana na kuta za njia ya hewa kama umande ushikavyo majani. Basi ili mvuke upatikane wa kutosha, hapana budi petroli nyingi zaidi imiminwe.

Ndiyo maana waundaji wa magari waliweka mitambo miwili ifanyayo kazi pamoja: mmoja wa kuongeza petroli, na mmoja wa kuongeza mwendo wa injini mpaka ipate moto. Kwa hiyo ngurumo ya dakika za kwanza si ugonjwa. Gari lisilonguruma hata kidogo asubuhi ya baridi, likawa linazimika mara tatu au nne kabla ya kuondoka, ndilo lenye kasoro.

KAZI YA CHOKI

Katika pikapu zenye kabureta, kama vile Datsun 1200, Peugeot 504, na Toyota Hilux zenye injini ya 22R, kazi hiyo hufanywa na choki. Choki ni kibati chembamba kilicho kwenye mdomo wa kabureta. Kikifungwa, hewa hupunguka, na petroli huvutwa kwa wingi zaidi. Kibati hicho kimeunganishwa na kipande kingine cha chuma chenye ngazi ndogo ndogo. Choki ikifungwa, kipande hicho huzunguka na kuzuia mlango wa hewa ulio chini usifunge kabisa. Hapo ndipo kasi inapotoka.

Katika magari mengine choki huvutwa kwa mkono, kwa kitufe kilicho karibu na usukani. Dereva huvuta, huwasha, kisha hurudisha kidogo kidogo injini inapopata moto. Katika magari mengine choki hujiendesha yenyewe kwa kamani iliyofanywa kwa madini mawili. Kamani hiyo ikiwa baridi huifunga choki, na ikipata joto la umeme, au la maji ya injini, huilegeza.

Sasa sikiliza jambo ambalo madereva wengi hawakufundishwa. Choki ijiendeshayo haiwezi kujifunga mpaka mlango wa hewa ufunguliwe, yaani mpaka dereva akanyage mafuta mara moja na kuachilia kabla ya kuwasha. Na kile kipande chenye ngazi hakiwezi kushuka ngazi mpaka mafuta yaguswe tena. Mtu awashaye gari na kungoja bila kugusa kitu ataona injini inaendelea kunguruma hata baada ya kupata moto, kwa sababu ngazi ya juu bado imekamatwa. Dawa yake haina gharama: baada ya nusu dakika au dakika moja, kanyaga mafuta kidogo kwa haraka, uachilie. Mwendo utashuka. Baada ya dakika nyingine, fanya hivyo tena. Ikiwa gari lako limepona kwa hilo tu, basi halikuwa gonjwa.

LINI NI KAWAIDA, LINI NI UGONJWA

Pikapu nyingi za zamani zenye injini ya petroli huzunguka mara 700 hadi 850 kwa dakika zikiwa zimepata moto, gari limesimama na mafuta hayakukanyagwa. Zikiwa baridi, mizunguko 1,200 hadi 1,800 haishangazi. Kitu cha kuangalia hasa ni kushuka kwake. Mwendo ushuke kidogo kidogo, na baada ya dakika chache za kuendesha uwe umetulia.

Magari mengi ya zamani hayana saa ya kuonyesha mizunguko. Basi tumia masikio na miguu yako. Jiulize maswali haya:

Je, baada ya kwenda kilomita tano au sita, injini bado inanguruma gari likisimama? Je, ukiondoa mguu kwenye mafuta, gari linaendelea kusukuma mbele? Je, mwendo unapanda na kushuka wenyewe, kama mtu apumuaye kwa taabu? Je, moshi mweusi unatoka nyuma hata baada ya injini kupata moto? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, kuna kasoro ya kutafutwa.

KUITAFUTA KASORO KWA TARATIBU

Haraka haraka haina baraka. Anza na yale yasiyo na gharama, na usiguse mambo mawili kwa pamoja, kwa maana gari likibadilika hutajua ni lipi lililolibadilisha.

1. Waya wa mafuta. Injini ikiwa imezimwa, fungua boneti, umwombe mwenzako akanyage na kuachilia mafuta. Waya urudi wote kwa wepesi, na ubaki na ulegevu kidogo. Waya uliooza kwa kutu, au kamani ya kurudisha iliyochoka, huacha mlango wa hewa wazi kidogo. Angalia pia zulia la miguuni: mara nyingi zulia lililokunjamana ndilo linaloshikilia kanyagio.

2. Choki. Ondoa kifuniko cha kichujio cha hewa, injini ikiwa baridi na imezimwa. Kanyaga mafuta mara moja. Kibati cha choki chapasa kufunga. Washa injini, rudisha kifuniko, na baada ya kupata moto zima na utazame tena. Sasa kibati chapasa kusimama wima, wazi kabisa. Kikiwa kimebaki nusu, huenda vumbi na masizi vimekikamata, au waya wa umeme uletao joto kwenye kamani umetoka. Kwa choki ya mkono, angalia kama kitufe kikirudishwa mpaka mwisho, kibati nacho kinafika mwisho.

3. Hewa iingiayo kwa wizi. Injini yapasa kuvuta hewa kwa mlango mmoja tu. Mipira midogo ikipasuka kwa uzee, au gasketi iliyo chini ya kabureta ikilika, hewa huingia kwa ufa huo, nao mwendo hupanda na kuyumbayumba. Sikiliza mlio kama wa nyoka. Kisha chukua maji yenye sabuni na brashi ndogo, uyapake kidogo kidogo kwenye maungio na mipira, injini ikinguruma. Penye ufa maji yatavutwa ndani na sauti ya injini itabadilika kwa muda. Jihadhari na feni, na ufunge vizuri mikono ya shati na kitambaa cho chote kinachoning'inia. Wako mafundi wapimao kwa kunyunyiza petroli. Usikubali: injini ni moto, na cheche moja yatosha kuteketeza gari na mtu. Mpira mmoja uliopasuka ni kitu cha bei ndogo. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. Maji na thamostati. Hapa ndipo penye kosa lililoenea kuliko yote. Thamostati ni kifuniko kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto wa digrii 82 au 88, kwa kadiri ya gari. Mafundi wengi, gari likichemsha, huitoa na kuitupa, wakisema kwamba haina kazi katika Afrika. Labda gari halitachemsha wiki hiyo, lakini sasa injini haipati moto wake kamwe katika asubuhi za Kinangop. Choki iletewayo joto na maji hubaki imefungwa, mwendo hubaki juu, petroli huliwa bure, na ile isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili. Na ile kasoro iliyolichemsha gari tangu mwanzo, kama rejeta iliyoziba au feni iliyolegea, bado ipo.

Kuipima ni rahisi. Washa injini baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto kwa ghafula. Hapo thamostati imefunguka. Ukianza kupata vuguvugu tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Ukiwa nayo mkononi, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uyachemshe. Ifunguke yenyewe. Hata huko Nyahururu, ambako maji huchemka kwenye karibu digrii 92 kwa sababu ya urefu wa nchi, moto huo watosha. Lakini usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji hurukia uso.

5. Magari yasiyo na kabureta. Baadhi ya Hilux za miaka ya 1980 na 1990, kama zile zenye injini ya 22RE, hunyunyiziwa petroli kwa nguvu ya umeme. Hizo hazina choki. Zina vali ndogo ya hewa ambayo hufunguka ikiwa baridi na hufungwa na joto la maji ya injini. Maji yakipungua, au hewa ikinaswa ndani ya njia za maji, joto halifiki kwenye vali hiyo, nayo hubaki wazi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuangalia maji, injini ikiwa baridi. Ikiwa hewa hufika kwenye vali kwa mpira, ubane mpira huo kwa koleo lililofungwa kitambaa. Injini baridi itashuka mwendo wazi wazi. Injini moto isishuke ila kidogo sana. Injini moto ikishuka sana, vali haifungi.

Kuna pia kihisio cha joto, kifaa kiiambiacho kompyuta ya injini kwamba maji ni moto au baridi. Kikisema uongo kwamba ni baridi sikuzote, petroli huongezwa bila kiasi. Fundi mwenye mita ya umeme aweza kukipima: katika Toyota hizo, ukinzani wake huwa kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye digrii 20, na omu 200 hadi 400 kwenye digrii 80.

Wenye pikapu za dizeli nao wakumbuke kwamba magari yao hayana choki. Mengine yana kitufe cha kupandisha mwendo kwa mkono. Mara nyingi tatizo lote ni kitufe kilichosahauliwa, au waya wake uliokwama.

PARAFUJO ISIGUSWE INJINI IKIWA BARIDI

Hili laandikwa peke yake kwa sababu limewaharibia wengi. Katika kabureta iko parafujo ya mwendo, na iko nyingine ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Mtu asikiapo kelele alfajiri huilegeza ile ya mwendo mpaka injini itulie. Saa moja baadaye, injini ikiwa moto na choki imefunguka, mwendo hauna cha kuushikilia, na gari huzimika katikati ya mzunguko wa barabara, malori yakiwa nyuma. Mwingine hufanya kinyume: injini baridi ikizimika, huikaza parafujo mpaka isizimike, na kutwa nzima gari hunguruma.

Sheria ni moja. Parafujo hizo hugeuzwa injini ikiwa imepata moto kabisa, choki iko wazi, taa zimezimwa, na hewa ya wizi imekwisha kuzibwa. Hesabu ni nusu mizunguko mingapi umeigeuza, uandike, ili uweze kuirudisha kama ilivyokuwa.

Tena gari litengenezwe mahali lifanyiapo kazi. Penye urefu wa mita 2,400 juu ya bahari, msongo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa pwani itatoa petroli nyingi mno kwa hewa ya Molo: moshi mweusi, plagi zenye masizi, na injini isiyotulia. Asiyejua hayo huilaumu choki bure.

HATARI ZISIZOONEKANA

Ya kwanza ni hewa ya sumu. Injini baridi, kwa kuwa hupewa petroli nyingi kuliko iwezavyo kuiunguza, hutoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ni ile ile itokayo katika jiko la makaa ambayo huua watu waliolala na milango imefungwa. Gari likiachwa linguruma ndani ya banda lililofungwa, au chini ya dirisha la chumba wanamolala watoto, hewa hiyo huingia kimya kimya. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea, na mwisho hulala asiamke. Kwa hiyo lisukume au ulitoe gari nje kwanza, ndipo uliache lipate moto. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe kwenye hewa safi bila kukawia, na umpeleke hospitali hata kama asema amepona.

Ya pili ni breki. Mtu ateremkaye mteremko mrefu kama ule wa kutoka Limuru kwenda Bonde la Ufa hutegemea injini imzuie. Injini iliyokwama kwenye mwendo wa juu haizuii, husukuma. Breki hufanya kazi peke yake, hupata moto, na mwishowe hazishiki. Pikapu iliyojaa magunia ya viazi haiteremshwi hapo ikiwa na kasoro hiyo.

Ya tatu ni injini yenyewe. Petroli isiyoungua huosha oili iliyo kwenye kuta za silinda, na vyuma husagana. Toa kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, ibadilishe, na utafute sababu upesi.

ADA NJEMA YA ALFAJIRI

Chukua mfano wa mkulima ambaye maziwa yake yapasa kufika kituoni saa 1 asubuhi. Akiamka saa 11, atazame maji na oili kwanza. Akanyage mafuta mara moja na kuachilia, kisha awashe. Angoje nusu dakika hadi dakika moja huku akifunga mikebe yake. Aguse mafuta kidogo ili ngazi ishuke. Kisha aondoke polepole, kwa gea za chini, bila kuilazimisha injini, mpaka kipimo cha joto kipande. Gari liendalo polepole hupata moto upesi kuliko lililosimama likinguruma, na hutumia petroli kidogo.

Mtu afanyaye hivyo kila siku ataijua sauti ya injini yake kama mchungaji ajuavyo mlio wa ng'ombe wake. Siku itakapobadilika, atajua siku hiyo hiyo. Akienda kwa fundi hatasema tu, "Gari linapiga kelele," bali atasema, "Choki inafunguka, maji yamejaa, lakini mwendo haushuki hata baada ya kilomita sita." Fundi mwema atashukuru kwa maneno hayo, na fundi mlaghai atajua kwamba hapa hapana mjinga wa kuuziwa kabureta mpya kwa sababu ya mpira uliopasuka.